Shaba, Sumaku na Baridi Kali: Historia ya Supakondakta za Jotoridi la Juu

Mnamo mwezi wa Aprili 1986, jarida la Kijerumani Zeitschrift für Physik lilipokea makala mafupi kutoka Rüschlikon, mji mdogo ulio kando ya ziwa la Zürich nchini Uswisi, ambako kampuni ya IBM ilikuwa na maabara yake. Waandishi walikuwa wawili: Georg Bednorz, Mjerumani aliyekuwa bado kijana, na Alex Müller, Mswisi aliyekuwa akikaribia miaka sitini. Neno la kwanza katika kichwa cha makala yao lilikuwa neno la shaka, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "huenda". Walieleza ya kwamba huenda mchanganyiko wa oksidi za bariamu, lanthanamu na shaba hupoteza ukinzani wake dhidi ya umeme katika jotoridi la kelvini 30 hivi, yaani nyuzi 243 za Selsiasi chini ya sifuri. Rekodi ya wakati huo ilikuwa kelvini 23, nayo ilikuwa imesimama tangu mwaka 1973.

Vipimo vya ukinzani walikuwa navyo tangu mwezi wa Januari. Walichokikosa ni kipimo cha sumaku, kwa kuwa chombo chenyewe kilikuwa bado hakijafika maabarani. Shaka ile katika kichwa cha makala haikuwa adabu ya kiuandishi. Ilikuwa ni hesabu ya kile ambacho kilikuwa kimethibitishwa na kile ambacho kilikuwa bado.

Historia ya supakondakta husimuliwa mara nyingi kama mashindano ya mbio, ambamo kila maabara huongeza kelvini chache juu ya zile za jirani yake. Masimulizi hayo si ya uongo, ila huliacha pembeni jambo lenyewe. Ukiyafuata matukio kwa utaratibu, utaona kwamba karibu kila hatua iliyo kubwa ni habari ya sumaku.

Kabla ya kuendelea, yafaa neno lenyewe litazamwe. Kifaransa na Kijerumani huanza na "supra", Kiingereza huanza na "super", na Kiswahili kimechukua umbo la Kiingereza na kulifanya "supakondakta". Mwanafunzi wa Lubumbashi aliyezoea kusikia "supra" darasani asidhani kwamba ni vitu viwili. Maana ni moja: maada ambayo, ikipozwa kupita kiwango fulani, hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Kiwango hicho huitwa jotoridi hatari, ingawa hakuna hatari yoyote ndani yake. Ni mahali pa mageuzi tu, kama pale ambapo maji hugeuka kuwa barafu.

Hali hiyo iligunduliwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1911. Heike Kamerlingh Onnes alikuwa amefaulu, mwaka 1908, kuigeuza heliamu kuwa kiowevu, na hivyo kuifikia baridi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia. Alichagua zebaki kwa sababu iliweza kusafishwa sana kwa kuvukizwa. Karibu na kelvini 4.2 ukinzani wa zebaki haukuendelea kupungua polepole, ulitoweka. Kwa miaka zaidi ya ishirini ilidhaniwa kwamba kutoweka huko ndiko jambo lote.

Mwaka 1933, Walther Meissner na Robert Ochsenfeld, huko Berlin, walionyesha kwamba liko jambo la pili. Kama supakondakta ingekuwa kipitishi kisicho na ukinzani na si zaidi, ingepaswa kuushikilia ndani yake uga wowote wa sumaku uliokuwamo wakati wa kupozwa. Waliyoyaona yalikuwa kinyume. Bati na risasi zilipopozwa ndani ya uga dhaifu ziliufukuza nje, kana kwamba metali imemkataa mgeni aliyekuwa amekwisha kuketi. Tofauti hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Ukinzani wa sifuri waweza kuletwa na uzi mmoja mwembamba uliopenya katikati ya kipande kibovu, kama vile maji ya shamba zima yawezavyo kupita katika mfereji mmoja. Aweza pia kudanganywa nao mtu ambaye nyaya zake zimegusana mahali pasipostahili. Kufukuzwa kwa sumaku, kwa upande wake, hupimwa katika ujazo wote wa kipande. Tangu hapo ushahidi wa supakondakta ukahitaji mashahidi wawili, na shahidi aliye mgumu kumnunua ni huyu wa pili.

Nadharia ilichelewa. Ilikuja mwaka 1957 kutoka kwa Wamarekani watatu, John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer. Elektroni, ambazo kwa desturi husukumana, hufungwa mbilimbili kwa msaada wa mitikisiko ya atomu za fuwele. Jozi hizo zote huingia katika mwendo mmoja, na hakuna inayoweza kuvurugwa peke yake. Ndani ya kila jozi spini za elektroni mbili huelekeana kinyume. Kwa hiyo atomu yenye usumaku wake ni adui: huivuta spini moja upande huu na kuiachilia nyingine, na jozi ikavunjika. Majaribio yalikubaliana na hoja hiyo vizuri sana. Gadoliniamu kidogo tu ikiingizwa ndani ya lanthanamu huiua hali ya supakondakta. Bernd Matthias, aliyetafuta metali mpya za namna hiyo kwa bidii kuliko mtu yeyote wa zama zake, akawa akiwashauri wenzake kuepuka oksijeni, kuepuka usumaku, kuepuka vihami. Na, kwa mzaha wenye kisu ndani yake, kuwaepuka wananadharia.

Ushauri huo ulikuwa na msingi, lakini maada iliyotengenezwa Rüschlikon ilikuwa oksidi, na mama yake, kama itakavyoonekana, alikuwa kihami chenye usumaku. Tena haikubuniwa Rüschlikon. Wanakemia wa Caen, Ufaransa, akina Claude Michel na Bernard Raveau, walikuwa wameitengeneza na kuitangaza mwaka 1985, wakiitafutia kazi nyingine. Walipima upitishaji wake wa umeme kuanzia nyuzi 300 za Selsiasi hadi nyuzi 100 chini ya sifuri, wakakoma hapo. Hawakuwa na sababu ya kushuka zaidi. Bednorz aliyasoma makala yao mwishoni mwa mwaka huo, akaona kwamba shaba iliyomo ina hali mbili za kikemia zilizochanganyika, jambo ambalo Müller alikuwa akilitafuta, akashuka.

Kipimo cha sumaku kilifanyika baadaye mwaka ule, Masaaki Takashige akiwasaidia, na uga ulifukuzwa kama ulivyopaswa kufukuzwa. Mjini Tokyo kikundi cha Shoji Tanaka na Koichi Kitazawa kilifika kwenye jibu lile lile, kikautambua mpangilio halisi wa atomu uliohusika, na habari zikatolewa Boston mwezi wa Desemba 1986. Baada ya hapo hakuna aliyesema tena "huenda".

Mbio zenyewe zaweza kupitwa upesi. Mwishoni mwa Januari 1987, Maw-Kuen Wu huko Alabama na Paul Chu huko Houston walibadilisha lanthanamu kwa itriamu wakaifikia kelvini 93. Idadi hiyo ina maana ya pekee, kwa sababu nitrojeni huchemka kwenye kelvini 77, na nitrojeni kiowevu ni rahisi na ya bei ndogo ikilinganishwa na heliamu. Katika muswada uliopelekwa jaridani, mahali pa Y, alama ya itriamu, palikuwa pameandikwa Yb, alama ya iterbiamu. Uvumi wa iterbiamu ulienea katika maabara kadhaa kabla makala hayajachapwa, kisha herufi ile moja ya ziada ikaondolewa. Chu alishikilia kwamba lilikuwa kosa la kupiga chapa. Wako waliolichukua kuwa mtego. Metali hizo mbili zilipewa majina yao kutokana na kijiji kimoja cha Uswidi, Ytterby, kwa hiyo kukosea kati yao si ajabu. Lililo la kuchekesha ni kwamba oksidi ya iterbiamu nayo, ilipotengenezwa kwa utaratibu ule ule, ilikuwa supakondakta katika jotoridi karibu lile lile.

Tarehe 18 Machi 1987 wanafizikia wapatao elfu mbili walijazana katika ukumbi wa hoteli mjini New York, wakasikiliza hotuba fupifupi hadi baada ya saa tisa usiku. Kabla mwaka haujaisha Bednorz na Müller walikuwa wamepewa tuzo ya Nobel. Mwaka 1988 Wajapani waliongeza oksidi za bismuthi, zinazofikia kelvini 110, na Wamarekani wa Arkansas zile za thaliamu, zilizopita 120. Mwaka 1993, Zürich, zebaki iliingizwa katika mchanganyiko, na jotoridi likapanda hadi kelvini 133. Kiwango hicho hakikupitwa sana katika kanieneo ya kawaida ya hewa kwa miaka thelathini iliyofuata. Metali ya Leiden ilikuwa imerudi kwa mlango mwingine.

Katika mchanganyiko huo wote kitu kimoja hakikubadilika: tabaka za shaba na oksijeni. Zilizobaki, lanthanamu, itriamu, bismuthi au zebaki, ni mbao za kuzitenganisha tabaka hizo na kuzigawia elektroni au kuzinyang'anya. Miaka ile Shaba lilikuwa pia jina la jimbo zima la Zaire, lililochukua nafasi ya Katanga mwaka 1971 na kuachwa mwaka 1997. Kolwezi na Likasi zilitoa metali hiyo kwa maelfu ya tani. Vipande vya Rüschlikon vilihitaji gramu chache. Mtu asijenge ndoto ya biashara juu ya sadfa hiyo, lakini hakuna lugha ambayo yaweza kuisimulia habari hii kwa neno lililo karibu zaidi na masikio ya watu wake.

Oksidi iliyo mama wa zile za Rüschlikon ina lanthanamu, shaba na oksijeni tu, bila bariamu. Kwa kuhesabu elektroni zake kama vitabu vya zamani vifundishavyo, ingepaswa kuwa metali, kwani kila atomu ya shaba katika tabaka inabakiwa na elektroni moja isiyo na mwenzi. Lakini ni kihami. Sababu yake ilikuwa imefikiriwa tangu mwaka 1937, na hushikamana zaidi na jina la Nevill Mott: elektroni hukwama kwa kuchukiana. Na ufikiriwe ukumbi ambamo kila kiti kina mtu mmoja na hakuna kiti kiwezacho kubeba wawili. Watu wamo tele, wote wana miguu mizima, na hakuna anayeweza kusogea. Tena majirani wawili hukubaliana tu kama spini zao zinaelekea kinyume, hivyo tabaka zima hujipanga kama miraba ya ubao wa dama, juu, chini, juu, chini. Usumaku wa namna hii haujionyeshi nje, maana kila spini huifuta ya jirani yake. Sindano ya dira haitikisiki. Ulionekana mwaka 1987 kwa miali ya nyutroni, ambazo zina usumaku wake zenyewe, nao hudumu karibu hadi joto la kawaida la chumba.

Sasa baadhi ya watu watolewe ukumbini. Ndiyo kazi ya bariamu au strontiamu: kuziondoa elektroni chache. Viti vikipatikana wazi, mwendo unaanza, na mpangilio wa dama unavurugika. Elektroni mbili katika kila mia zikiondolewa, mpangilio mrefu wa sumaku hutoweka. Zikifika tano hivi, hali ya supakondakta huanza; hufikia kilele chake karibu na kumi na sita, na kupita ishirini na saba hivi huisha, maada ikabaki metali ya kawaida. Yaani hali ambayo usumaku ulidhaniwa kuiua huzaliwa mlangoni mwa usumaku. Philip Anderson wa Princeton alilidaka jambo hili mapema mwaka 1987, akasema kwamba jozi zimo tayari ndani ya kihami, katika mapatano ya spini za majirani, zikingoja kuachiliwa zitembee. Maelezo yake yalipingwa kwa mengi. Swali aliloliuliza halikuondoka.

Liko jaribio moja, dogo kwa sura, ambalo laeleza tofauti ya supakondakta hizi na za zamani kuliko nadharia nyingi. Mahali pa itriamu huwekwa gadoliniamu, ile ile iliyoiua lanthanamu. Hakuna kinachotokea: jotoridi hatari hubaki juu ya kelvini 90, kwa kuwa gadoliniamu hukaa nje ya tabaka za shaba na haigusani kwa nguvu na elektroni zinazotembea. Kisha mahali pa shaba, ndani ya tabaka, huwekwa zinki kidogo, metali isiyo na usumaku wowote, ambayo kwa kanuni za mwaka 1957 isingedhuru sana. Jotoridi hatari huporomoka. Rafiki amekuwa adui, na adui amekuwa mpita njia.

Sumaku ilileta pia tabu ya kazi. Supakondakta za aina hii haziufukuzi uga wote ukiwa na nguvu. Huuruhusu uingie kwa nyuzi nyembamba, kila uzi ukizungukwa na mkondo wa umeme kama kisulisuli cha vumbi uwanjani. Alexei Abrikosov alivieleza visulisuli hivyo huko Moskva mwaka 1957. Kila kimoja hubeba kiasi kile kile cha sumaku, wala hapana nusu wala robo, na kiasi hicho chaonyesha kwamba elektroni hutembea mbilimbili. Mwaka 1987 ilithibitishwa Birmingham, Uingereza, kwamba oksidi za shaba nazo zina jozi. Wengi walikuwa wameanza kutia shaka. Lakini visulisuli vikisogea huleta ukinzani, na katika oksidi hizi husogea kwa wepesi, kwa sababu joto ni kubwa kiasi, tabaka zinashikana kwa ulegevu, na kiini cha kisulisuli ni chembamba mno, nanomita moja au mbili. Waya usio na ukinzani hubaki bila ukinzani mpaka uuweke ndani ya sumaku unayotaka kuitengeneza.

Tena maada yenyewe ni ya kauri, ndugu ya sahani na kikombe. Haikunjiki. Mwaka 1988 watafiti wa IBM walionyesha kwamba mahali punje mbili za fuwele zinapokutana kwa pembe kubwa, mkondo wa umeme hupungua sana. Magazeti ya mwaka 1987 yaliahidi treni zinazoelea na nyaya za umeme zisizopoteza kitu. Hayo yalingoja hadi mafundi walipojua kuzipanga punje zote upande mmoja juu ya utepe wa metali na kutia kasoro ndogondogo za kuvinasa visulisuli. Septemba 2021 sumaku kubwa ya tepe za namna hiyo ilifikia tesla 20 huko Massachusetts, kwa ajili ya tanuri za muungano wa nyuklia. Mashine nyingi za picha za sumaku zilizoko hospitalini hazikungoja. Zimeendelea na niobiamu na heliamu.

Umbo la jozi lilijulikana kwa sumaku vilevile. Katika supakondakta za zamani jozi ina alama moja pande zote. Ilibishaniwa kwa miaka kadhaa kama katika oksidi za shaba jozi ina sura ya ua la petali nne, zikipishana chanya na hasi. Baada ya majaribio ya mwaka 1993 huko Illinois, Chang Tsuei na John Kirtley wa IBM walitengeneza, mwaka 1994, pete ndogo iliyokatiza fuwele tatu zilizogeuzwa kwa pembe walizozichagua. Kama petali zinapishana, mkondo ukizunguka pete hiyo hukuta alama imegeuka, na pete hulazimika kujizalia sumaku yenyewe, ya nusu ya kile kiasi kisichogawanyika. Wakaiona nusu hiyo. Pete za karibu, zilizopangwa bila mgeuko, hazikuwa na kitu. Ni shida kutaja jibu lililo wazi zaidi katika habari hii yote.

Mengine hayako wazi hivyo. Henri Alloul na wenzake wa Orsay, wakipima mwitikio wa viini vya itriamu ndani ya sumaku, waligundua mwaka 1989 kwamba katika maada yenye elektroni chache zilizoondolewa, spini huanza kufifia mbali juu ya jotoridi hatari, kana kwamba kitu fulani kimekwisha kufungwa kabla ya wakati. Mwaka 1995 nyutroni zilionyesha spini na umeme zikijipanga kwa mistari inayopishana. Mwaka 2007 watafiti wa Toulouse na Sherbrooke, kwa sumaku kali za Toulouse, waliona dalili za metali halisi mahali ambapo wengi walidhani haipo. Ukweli huo wote haujapata nadharia moja inayoukubali kwa pamoja, na kifungo cha jozi bado ni mada ya mabishano, ingawa walio wengi huutazama usumaku wa shaba kuwa ndiko kiliko. Ugunduzi wa kikundi cha Hideo Hosono, Tokyo, mwaka 2008, wa supakondakta zenye chuma, metali ya sumaku kuliko zote, uliwapa moyo. Zile za haidrojeni iliyobanwa kwa kanieneo ya kutisha, zilizopita kelvini 200 mwaka 2015, ni za ukoo mwingine. Zaelekea kuifuata nadharia ya 1957.

Mwezi wa Julai 2023 kikundi kimoja cha Seoul kilitangaza supakondakta katika joto la kawaida la chumba, ndani ya madini ya risasi na fosfeti yaliyotiwa shaba, wala hakikusema "huenda". Ukinzani ulionekana kushuka ghafla karibu na nyuzi 104 za Selsiasi, na picha za filamu zilionyesha kipande kikiinuka juu ya sumaku, pembe moja ikiwa bado imegusa chini. Katika majuma machache maabara za China, India, Ujerumani na kwingineko zilirudia kazi hiyo. Mshuko wa ukinzani ulitokana na salfidi ya shaba iliyobaki kama uchafu, ambayo hubadili umbo lake katika joto hilo. Fuwele safi zilizotengenezwa Stuttgart zilikuwa kihami chenye rangi ya zambarau, na pembe ile iliyoinuka iliinuliwa na usumaku wa kawaida.